Swali lako limekwama wapi? Diskasheni za hesabu na sayansi huku Kisumu

Ukitaka kujua kama kundi la diskasheni, yaani wanafunzi wanaokaa pamoja kusoma wenyewe, litafika mwezi wa kumi na moja wa mtihani likiwa hai, usihesabu wako wangapi wala usiulize nani anaongoza darasa, angalia tu wanatumiana nini kwa simu. Mtu anauliza swali la vekta saa tatu usiku, mwenzake anamtumia picha ya making skimu (karatasi ya majibu na maksi ya msahihishaji) nzima, anajibiwa asante sana ubarikiwe, kila mtu analala. Kesho yake swali ni lile lile limebadilishwa namba na hakuna anayeliweza. Lakini ukiona mtu ametuma picha ya buku limefutwafutwa, biro nyekundu imezungusha laini ya tatu na chini ameandika "hii 1 imeenda wapi?", hao waache waendelee, wameshajua kazi ni gani.

Mimi naishi Nyalenda, na shule zikifungwa varanda ya ploti yetu huwa inajaa wanafunzi wa sekondari. Sio tuisheni, hakuna anayelipa na mimi sio mwalimu wa kuajiriwa, nina kazi yangu ya mchana mjini, nikirudi jioni nawakuta washaanza kitambo na mara nyingi hata hawanihitaji, nakaa tu pembeni naskiza. Wengine wanasoma bweni huko Siaya, Vihiga, Kakamega hadi Nakuru, wengine ni wa dei, shule za kutwa, za hapa hapa Kisumu, na huo mchanganyiko ndio utamu wenyewe ju shule hazifundishi topiki kwa mpangilio mmoja, huyu amemaliza elektrolisisi na mwingine hajaiona kabisa, huyu mwalimu wao wa fizikia alihama na hawajaletewa mwingine, yule kwao praktikali wanafanya kila wiki. Kila mtu anakuja na kitu mwenzake hana.

Nimeamua kuandika hii ju nasikia wazazi wengi wakisema diskasheni ni njia ya watoto kutoka nyumbani wakapige stori. Stori zinapigwa, ndio, na chai inanywewa. Lakini kuna vitu vinatokea hapo kwa varanda ambavyo darasa la watoto sitini haliwezi kuvitoa, na si ati walimu ni wabaya, mwalimu mmoja ana dakika arobaini na watoto sitini, atamfikia nani?

Wacha niwape mfano. Swali lilikuwa la logi, la kawaida kabisa: log x + log (x + 3) = 1, tafuta x. Kijana mmoja wa Fomu 4, kichwa kweli kweli, alilitazama akasema x ni 2, iko wazi. Na ni ukweli x ni 2. Aliandika laini mbili akaweka biro chini. Wale wa Fomu 3 wakaangalia ile karatasi wakatingisha vichwa, lakini ukiwaona macho unajua hakuna kitu imeingia. Sasa kulikuwa na binti mmoja hapo, huyo logi zilimtesa likizo nzima ya mwezi wa nne hadi siku moja akalia, ndiye akavuta buku la mwenzake akamuuliza, "Wewe imekukatalia wapi?" Hakuuliza umeelewa, ju mtu ukimuuliza kama ameelewa atakwambia ndio ndio ili mwende mbele. Akajibiwa, "Huku naweza kuziunganisha zikuwe log x(x + 3), lakini hiyo 1 ya upande ule sijui niifanye nini, haina log."

Basi, shida yote ilikuwa hapo. Binti akamwambia chukua kalkuleta, andika log 10, inakupa ngapi? Akabonyeza, ikatoka 1. Kwa hivyo badala ya 1 andika log 10, sasa pande zote mbili ziko na log, ondoa log zote, unabaki na x(x + 3) = 10, inakuwa x² + 3x − 10 = 0, ukiifakta unapata (x + 5)(x − 2) kwa hivyo x ni 2 ama −5. Na hakuishia hapo, akamwambia hebu rudisha −5 kwa swali uone. Akabonyeza log ya −5, kalkuleta ikakataa ikaandika kosa. "Ndio maana hiyo tunaiacha, na uandike kwamba umeiacha, usinyamaze," binti akasema. Yule wa Fomu 3 alifanya lingine peke yake saa hiyo hiyo.

Yule kijana wa kwanza hakuwa na roho mbaya wala hakuwa anaringa. Ile hatua ya kugeuza 1 kuwa log 10 aliivuka zamani sana hadi haioni tena, kwake ni kama haipo. Binti aliivuka juzi, bado anajua jiwe lilipomkwaza liko wapi na anaweza kukuonyesha kwa kidole. Ndio nimekuja kuamini hivi, na nitabishana na yeyote, anayefaa zaidi kukueleza topiki ni yule aliyeteswa nayo muhula uliopita akaishinda. Kwa hivyo sisi sai tukianza topiki hatuulizi nani anaijua zaidi, tunauliza nani ilimsumbua na sai haimsumbui. Vichwa wa darasa nao wana kazi yao, wanakaa mwisho, wanaitwa kukiwa na ubishi, na wanaambiwa wazi wasinyang'anye mtu biro akiwa anaandika. Hii ya kunyang'anya biro inaua watu kabisa. Mtu ako katikati ya kufikiria, mwenzake anamaliza swali kwa niaba yake, basi hapo amejifunza tu kwamba mwenzake anaweza.

Kuna pia hii maneno ya maksi ambayo wengi hawaijui hadi wamefika Fomu 4. Hesabu ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa Fomu 4, ni pepa mbili, kila moja maksi 100 kwa saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza maswali 16, yote lazima, maksi 50. Sehemu ya pili maswali 8, unachagua 5, kila moja maksi 10. Ukigawa muda ni dakika moja na nusu kwa kila maksi, kwa hivyo swali la maksi tatu likikukalia dakika kumi linakula swali lingine lote. Na kwenye making skimu zile herufi za pembeni, M1, A1, B1, si mapambo. M ni ya njia, A ni ya jibu sahihi lililotoka kwa hiyo njia, B inasimama peke yake. Watoto wakishaelewa hivyo wanaanza kubadilishana karatasi na kusahihishana wenyewe kwa M na A, na niamini hakuna msahihishaji mkali kama mtoto wa miaka kumi na saba. "Hii M siwezi kukupa, sijaona hiyo 48 ulitoa wapi." "Lakini jibu ni sawa!" "Sawa ni sawa, lakini nionyeshe." Wanabishana hadi mama mwenye nyumba anachungulia kwa dirisha. Na yule aliyenyimwa M kwa varanda hataisahau tena, ataandika hatua hadi kwa swali la maksi mbili.

Fizikia nayo. Praktikali ya penduli haihitaji maabara, na hii ningependa kila mtoto aliye nyumbani aifanye hata leo. Unachukua uzi wa kushonea, unafunga nati ya pikipiki (huku Nyalenda nati haziwezi kukosekana, uliza fundi yeyote wa boda), unaning'iniza kwa msumari wa dirisha, unapima kutoka msumari hadi katikati ya nati. Sentimita 50. Unaivuta kando kidogo tu, isizidi sana, unaiachilia, unahesabu mizunguko 20 ya kwenda na kurudi huku mwenzako anashika saa ya simu. Itakupa sekunde 28 na pointi kidogo, ukiwa makini kama 28.4. Ukigawa kwa 20 ni sekunde 1.42 kwa mzunguko mmoja, hiyo ndio T. Unabadilisha urefu, 60, 70, 80, 90, 100, unachora grafu ya T skwea dhidi ya urefu wa mita, mteremko wake ni 4π² ukigawa na g, hapo unapata g, yaani mchapuko wa kitu kikidondoka kwa mvuto wa dunia, ambao unajulikana ni kama 9.8.

Jioni moja kijana mmoja alitoa g yake ikawa 0.0245. Akapiga mstari mbili chini, akafunga buku, amemaliza. Mwenzake, msichana wa Manyatta ambaye huwa haongei sana, akaitazama ile namba kwa muda. Hakumwambia ni makosa. Alisimama, akainua biro usawa wa kifua, akaiachilia, tak, ikafika sakafuni. Halafu akakaa akapiga hesabu kwa kalkuleta na g ya yule kijana, urefu wa mita 1.2, s = ½gt², akamwonyesha: "G yako inasema hii biro ingekaa hewani karibu sekunde kumi." Wote wakanyamaza wanaiwazia biro inashuka pole pole sekunde kumi. Kijana akafungua buku bila kuambiwa, akarudi kwa tebo yake na akaona mwenyewe, aliandika 28.4 kwenye safu ya T, hakugawa kwa 20. Na kwa vile T inaenda skwea, kosa likawa mara 400. Zidisha 0.0245 kwa 400 uone unapata ngapi. 9.8.

Mimi nilikaa pale kwa ngazi nikasema huyu msichana amefanya kitu ambacho vitabu vingi havifanyi. Jibu limerudishwa duniani, limeulizwa kama linaweza kuwa kweli. Tangu siku hiyo ikawa desturi, mtu akitoa jibu la sayansi anaulizwa, hiyo inawezekana hapa Kisumu? Gari limetoka Kondele likaenda na spidi ya mita 900 kwa sekunde? Balbu ya chumba inakula ampia 400? Rudi.

Kemia ndio ngumu kidogo ju vifaa hakuna. Bureti na pipeti hatuna, na asidi za maabara si za kuchezea nyumbani, hiyo nimekataa kabisa. Lakini kuna mengi yako jikoni. Kuna mama kwenye ploti huwa anapika mrenda jioni na lazima atie magadi ndio ilainike, sasa siku moja watoto walikuwa wanalia na titresheni (kuongeza asidi tone kwa tone hadi rangi igeuke) ya sodiamu kaboneti, ati ni kitu cha mbali, cha chupa. Kijana anayesoma Nakuru akasema lakini hiyo si ndio iko kwa ziwa letu? Na ni kweli, maji ya Ziwa Nakuru ni ya magadi, ndio maana heroe wanaenda huko, mwani wanaokula unamea kwenye maji ya aina hiyo. Ziwa Magadi kule Kajiado ndio wanachimba trona yenyewe, ambayo ni kaboneti na haidrojeni kaboneti ya sodiamu pamoja na maji, na iko kwa silabasi. Wakaenda kwa yule mama wakaomba kipande kidogo, wakakiyeyusha kwa glasi, wakakamulia ndimu. Povu likafoka. Hiyo gesi ni kaboni dayoksaidi, ile ile wanayoandika kila siku upande wa kulia wa ekwesheni.

Halafu mmoja akakumbuka indiketa za maua za Fomu 1. Fensi yetu iko na yale maua makubwa mekundu ya haibiskasi, wakaponda petali na spiriti kidogo, wakachuja na kitambaa. Kwa ndimu ilikuwa nyekundu ya kuwaka, kwa magadi ikageuka kijani. Wakawa wanaongeza ndimu tone kwa tone kwenye magadi wakisubiri rangi irudi, na hapo bila mtu kusema wanafanya titresheni walikuwa wanafanya titresheni, wanashika pumzi wakikaribia mwisho, wanapunguza matone, mmoja anapiga kelele "pole pole!" kama ambavyo mtahini angetaka.

Hesabu yake ikafuata. Sentimita kyubu 25 za sodiamu kaboneti zimekula 24 za haidrokloriki asidi ya 0.1 M, tafuta molariti ya hiyo kaboneti, yaani iko na moli ngapi kwa lita. Karibu wote wanaanza vizuri, moli za asidi ni 24 mara 0.1 gawa kwa 1000, yaani 0.0024. Halafu wanapotea. Wanaweka hizo hizo 0.0024 kwa kaboneti na jibu linakuwa mara mbili ya linalotakiwa. Ukiuliza imekwama wapi mtu anakwambia haijakwama, nimepata jibu! Na hapo ndipo wenzake wanafaa, ju mwenyewe hawezi kuona. Kitu kilichowasaidia ni kuandika ekwesheni kwanza kabla ya namba yoyote, Na₂CO₃ + 2HCl, na kuzungusha ile 2. Kaboneti moja inataka asidi mbili, kwa hivyo moli zake ni nusu, 0.0012, ukirudisha kwa lita moja ni 0.048 M. Mmoja wao sasa hawezi kuanza swali la moli bila kuzungusha namba za mbele na biro nyekundu, na wadogo wameiga hadi mabuku yote yana miduara.

Longitudi na latitudi ndio topiki ninayoipenda mimi binafsi ju tunaishi karibu kabisa na ikweta, ukipanda matatu ya Maseno umeifikia. Kwa vitabu maswali ni ya ndege inatoka mahali P kwenda Q. Wao waliamua kutumia kwetu. Kisumu iko kama longitudi 34.75 mashariki, Nakuru kama 36.07, tofauti ni digrii 1.32, na latitudi zote mbili ziko chini kidogo tu ya ikweta, hazifiki hata nusu digrii, kwa hivyo kosaini yake ni kama 1 na unaweza kuchukulia tuko kwa ikweta yenyewe. Ukitumia π ya 22/7 na R ya kilomita 6370, mzingo unatoka 40,040 bila desimali, ndio maana watunga mitihani wanazipenda hizo namba. Gawa kwa 360, kila digrii ni kilomita 111 na kidogo, mara 1.32 unapata kama 147. Yule wa Nakuru akakataa katakata, ati yeye anajua hiyo safari, na nauli anailipa, haiwezi kuwa 147. Wakabishana vizuri sana! Mwishowe wakaelewana kwamba matatu haipiti juu ya mstari, inapitia Ahero, Awasi, inapanda Kericho, Mau Summit ndio ishuke Salgaa, inazunguka milima, hesabu imepima vile ndege angeenda. Na jua nalo, kila digrii ni dakika 4, kwa hivyo Nakuru linachomoza mbele yetu kwa dakika kama tano. Huyo kijana wa Nakuru aliipenda hiyo sana, akawa anatuambia kila jioni kwao kumeshaanza kuwa giza.

Kitu kingine ni lugha. Mtihani ni wa Kizungu na sitaki mtu anielewe vibaya, lazima waandike Kizungu. Lakini saa ya kuelewa waacheni waeleweshane vile wanaongea, Kiswahili, Dholuo, na wale wa Vihiga na Kakamega wakiwa wawili wanashuka Kiluhya kabisa. Nimeona mtu amekariri maana ya oksidesheni kwa Kizungu kizuri bila kosa, ukimuuliza elektroni zimetoka wapi zikaenda wapi hana habari. Mwenzake akimwambia kwa Kiswahili huyu amepoteza mbili, huyu amezichukua, nani ameoksidaizi, anakujibu papo hapo. Wakishamaliza wanairudia kwa Kizungu kwa sauti, kila mtu sentensi yake, ndio isiwe ngeni siku ya pepa.

Na kucheka tumekataza. Hii ndio sheria pekee niliyoileta mimi, zingine wamejitungia. Mtoto akiuliza swali la Fomu 1 akiwa Fomu 4 na wenzake wakacheka, hatauliza tena, na mwenye hataki kuuliza tena huwa hasemi, anaanza tu kuchelewa, halafu anakuwa na kazi nyumbani, halafu humuoni. Wanaopotea hivi mara nyingi sio wazembe, ni watu ambao desimali ama sehemu ziliwashinda darasa la tano na wamebeba hiyo aibu miaka yote wakiificha. Kuna mmoja tulimrudisha. Wenzake wawili walikuwa wanaenda kwao kabla ya wengine kufika, wanafanya sehemu tu, nusu kujumlisha theluthi, hakuna mtu aliyetangaziwa. Sai anashika vizuri algebra ya Fomu 2 na anauliza maswali kwa sauti. Hao wawili ningependa mama zao wajue walichofanya.

Kuhusu programu za simu za kupiga picha swali na kupewa jibu, watoto wanazitumia, tusijifanye hatujui. Mimi sikatai. Nilichoona ni kwamba ukiwa na mwenzako wa kukuuliza laini ya tatu imetoka wapi, hiyo programu inakuwa kitu cha kuhakikisha kazi yako. Ukiwa peke yako saa tano usiku na bando linaisha na kesho kuna zoezi la kukusanya, inakuwa kitu cha kunakili.

Sasa kuna jambo linanikosesha usingizi kidogo, ni hawa wa Gredi 10. Walianza sekondari ya juu mwezi wa kwanza 2026, wa kwanza kabisa wa mtaala mpya wa CBC kufika hapo. Mbele yao kuna wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 tu, na wale wa mwisho watafanya KCSE 2027, basi imekwisha. Miaka yote diskasheni imeishi hivi, wa Fomu 4 anamshika wa Fomu 2, wa Fomu 2 akifika juu anamshika mwingine, mabuku na pepa za zamani zinarithiwa. Hawa wadogo hawana wa kumrithi aliyepitia njia yao. Wengi walisoma junia (sekondari ya chini) kwenye shule za msingi na wengine maabara wameiona mara ya kwanza mwaka huu, na tayari wameshachagua mkondo, walio STEM wanafanya hesabu kamili, wengine wanafanya ile ya msingi.

Mwanzoni wakubwa walikuwa wanasema hao silabasi yao ni tofauti hatuwezi kuwasaidia. Nikawaambia leteni vitabu tuangalie. Kwadratiki ni ile ile, sheria za indeksi ni zile zile, moli haijabadilika, Newton hajabadilika. Kilichobadilika zaidi ni vile wanaulizwa, wanapewa mradi, wanaambiwa wapime kitu mtaani na waeleze, na hapo wa 8-4-4 wakagundua kumbe wadogo wanawashinda kwa kusimama mbele ya watu na kueleza bila woga. Kwa hivyo sasa imekuwa nipe nikupe, mkubwa anaonyesha hatua, mdogo anazieleza kwa wote.

Likizo ya mwezi wa nane tutaanza na Gredi 10 mapema, saa tatu asubuhi kabla jua halijapiga varanda, wakifuatwa na Fomu 3, na Fomu 4 jioni ju wengine wanasaidia wazazi sokoni Kibuye mchana. Wa Fomu 3 wameomba topiki ya matriksi na ya mawimbi, wa Fomu 4 wanataka penduli irudiwe na springi iongezwe, nati tunazo, springi bado natafuta. Kama uko Nyalenda, Manyatta ama Nyamasaria na una mtoto amekwama mahali, mlete na buku lake, hasa lile lenye kazi ambayo hakumaliza. Na aliye na kitabu cha zamani cha tebo za logi ambacho hakitumiki, tungekifurahia, vyetu viwili vimeachana katikati kwenye kurasa za saini na tanjenti.